Aliyetafutwa Hakuulizwa

Filamu iitwayo The Searchers, yaani Watafutaji, iliyoongozwa na John Ford na kutolewa mwaka 1956, huanza kwa giza tupu. Kisha mlango unafunguliwa, na katika mwanga wa mlango ule tunamwona mwanamke ametupa mgongo, anatazama nje kwenye ardhi nyekundu yenye majabali yaliyosimama kama minara. Kwa mbali anakuja mpanda farasi. Dakika 119 baadaye filamu inakwisha kwa mlango mwingine unaofungwa. Wataalamu wa sinema wameiandikia milango hiyo miwili kurasa zisizo na idadi, nami sina nia ya kuwaongezea. Mwaka 1989 filamu hii ilikuwa miongoni mwa zile 25 za kwanza kuwekwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na taifa la Marekani, na mwaka 2008 Taasisi ya Filamu ya nchi hiyo iliitaja kuwa bora kuliko zote za kauboi. Ilipotoka haikuteuliwa kuwania hata tuzo moja ya Oscar. Hayo nayataja mapema ili tuyaweke kando. Ninalotaka kulisema linahusu wanawake wawili, mmoja anayetafutwa na mmoja asiyetafutwa na mtu yeyote.

Kwa msomaji asiyeiona, kisa ni hiki. Ni mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ethan Edwards, anayeigizwa na John Wayne, anafika nyumbani kwa ndugu yake Aaron huko Texas. Alipigana upande wa Kusini ulioshindwa, na miaka mitatu iliyofuata hasemi alikuwa wapi. Ana sarafu za dhahabu, na hasemi alizipataje. Haupiti muda Wacomanche wanaswaga ng'ombe wa jirani ili kuwavuta wanaume mbali, kisha wanaivamia nyumba. Aaron, mkewe Martha na mtoto wao wa kiume wanauawa. Mabinti wawili wanachukuliwa: Lucy, aliyekwisha kuwa mwari, na Debbie, mtoto mdogo bado mwenye mwanasesere. Lucy anakutwa ameuawa. Ethan anashika njia kumtafuta Debbie, akifuatana na Martin Pawley, kijana aliyelelewa na nyumba ile baada ya wazazi wake mwenyewe kuuawa, na mwenye damu kidogo ya Wacherokee. Wanatafuta kwa miaka mitano. Na katikati ya safari inatudhihirikia, sisi pamoja na Martin, kwamba ami huyu hamtafuti binti wa nduguye ili amrudishe. Anamtafuta ili amuue, kwa sababu amekwisha kuwa mtu wa Wacomanche.

Sisi wa rika langu tumekua na picha za kauboi. Mtaani kwetu palikuwa na sheria isiyoandikwa mahali popote: steringi hafi. Ukiingia sinema, kazi yako ya kwanza ilikuwa kumjua steringi ni nani, ukishamjua ukatulia. Wahindi Wekundu, kama tulivyowaita, walitoka nyuma ya kilima kama kumbikumbi baada ya mvua, wakapigwa risasi, wakaanguka pamoja na farasi wao, nasi tukapiga makofi na miluzi. Sioni haja ya kuwalaumu wale watoto. Mtu humshangilia yule ambaye kamera imekaa mgongoni mwake. Ukimtazama mwenzako kupitia juu ya bunduki kwa saa moja na nusu, mwishowe utatamani bunduki ilie. Baadaye zilikuja zile za Kitaliano, Django na wenziwe, zenye vumbi zaidi na maneno machache zaidi, na sheria ya steringi haikubadilika.

The Searchers sikuiona wakati huo. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika kanda ya video ya kuazima, na tangu hapo nimeirudia mara tatu. Mara ya mwisho ni mwaka huu, nikiwa na mjukuu wangu wa kike anayesoma chuo kikuu, tukiwa tumeiweka laptopu yake juu ya meza ya kulia chakula. Aliikubali kwa heshima tu, kama vijana wanavyokubali kahawa ya wazee. Alitarajia kuona ubaguzi, akauona, na ukweli hakuhitaji kuutafuta sana. Lakini nilimwomba anyamaze kwanza mpaka tufike kwenye koti.

Koti lenyewe ni jambo la nusu dakika. Wanaume wanajiandaa kufuata ng'ombe walioibwa. Martha anaingia chumbani kulichukua koti la Ethan, shemeji yake. Anadhani yuko peke yake. Analipapasa, analilaza mkononi kama mtu anayembembeleza mtoto. Sebuleni amesimama Clayton, ambaye ni mchungaji wa kanisa na papo hapo ni kapteni wa askari, ana kikombe cha kahawa. Amemwona. Basi anageuza macho, anatazama mbele, anaendelea na kahawa yake. Martha anatoka, anampa Ethan koti, Ethan anambusu kwenye paji la uso, na mchungaji bado anatazama mbele kana kwamba ukuta ule umeandikwa habari za maana. Hakuna anayesema neno, wala baada ya hapo jambo hili halitajwi tena mpaka mwisho wa filamu. Kwetu pwani hilo lina jina, nalo ni stara. Mtu mzima akiona lisilomhusu huwa hakuona. Sikupata kuona filamu ya wazungu iliyoielewa stara namna hii, na tangu siku ile ya kwanza nimekuwa nikiamini kwamba Ford alikuwa mtu aliyejua kutazama. Ndiyo maana lile alilokataa kulitazama linaniuma zaidi.

Anamtazama Ethan bila huruma. Wakiwa njiani wanakuta Mcomanche aliyezikwa chini ya jiwe. Kijana mmoja mwenye uchungu anaipiga maiti kwa jiwe. Ethan anatoa bastola na kuyapiga risasi macho yake, moja baada ya jingine. Mchungaji anauliza faida yake nini. Ethan anajibu kwamba kwa imani ya dini yako hakuna, lakini kwa imani ya huyu, asiye na macho haingii katika nchi ya roho; atatangatanga baina ya pepo milele. Angalia sana jambo hilo. Huyu si mtu anayewachukia Wacomanche kwa kutowajua. Anajua lugha yao, anajua mila zao, anajua mazishi yao kuliko mzungu mwingine yeyote ndani ya filamu, na elimu yote hiyo ameigeuza silaha. Tunapenda kufundisha watoto kwamba chuki ni mtoto wa ujinga, na kwamba watu wakijuana watapendana. Yeyote aliyewahi kuona jirani akimgeukia jirani yake anajua kwamba wapo wanaochukiana hasa kwa kuwa wanajuana.

Chanzo cha chuki yake Ford amekionyesha kwa mara moja tu, tena ukipepesa macho kimepita. Debbie anapofichwa makaburini usiku wa uvamizi, anakaa kuegemea jiwe lililoandikwa kwamba hapo amelala Mary Jane Edwards, aliyeuawa na Wacomanche mwaka 1852. Jina na mwaka vyaelekeza kwamba ni mama yake Ethan. Hakuna mtu anayelisoma jiwe lile kwa sauti, wala Ethan hasemi neno kuhusu mama yake. Kuna waongozaji ambao wangempa hotuba.

Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo anavyozidi kuharibika. Wakikuta kundi la nyati, anaanza kuwaua ovyo, si kwa nyama, ila ili Wacomanche wakose chakula msimu wa baridi; Martin akimzuia anamsukuma na kuendelea kupiga. Kisha wanafika kwenye ngome ya jeshi walikoletwa wanawake weupe waliokombolewa, na hao wamepoteza akili; mmoja ameng'ang'ania mwanasesere. Mtu anasema ni vigumu kuamini kwamba hawa ni wazungu. Ethan anajibu kwamba si wazungu tena, ni Wacomanche. Anapotoka anageuka, na kamera inamsogelea usoni. Wapo wanaosema John Wayne hakujua kuigiza, kwamba alijua kupanda farasi na kutembea kwa upande. Waitazame sura ile chini ya kivuli cha kofia. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekwisha kumkataa mtu huyu tangu mwanzo, alisogea mbele kwenye kiti.

Hadi hapo mimi ni mtetezi wa filamu hii, na wanaotaka itupwe siwafuati. Filamu inayomchukua steringi mkubwa kuliko wote wa Marekani na kumwonyesha waziwazi kuwa mgonjwa wa chuki, mwaka 1956, miaka kumi kabla ya Django, haikufanya jambo dogo.

Sasa tuje kwa mwanamke wa kwanza.

Katika safari yao Martin anafanya biashara na Wacomanche, anadhani ananunua blanketi. Kumbe ameoa. Mwanamke mnene, mpole, mwenye tabasamu, anawafuata kwenye farasi. Ethan anacheka sana. Anatafsiri jina lake: Bata-Bukini wa Mwituni Arukaye katika Anga la Usiku. Ni jina zuri kuliko lolote lililomo ndani ya filamu. Martin anajaribu kumweleza kwamba kuna kosa, na kila akianza sentensi anasema neno la Kiingereza lenye maana ya “tazama”, yule mama anadhani amepewa jina jipya na anaitikia. Basi tangu hapo ni Look, yaani Tazama. Usiku anakuja kulala kando ya mumewe, kama mke. Martin anampiga teke, anabingirika hadi chini ya mteremko. Ethan anacheka tena. Muziki nao unacheka.

Mjukuu wangu hakusema kitu. Alisimamisha filamu, akaenda kunywa maji, akarudi. Halafu akaniuliza, “Babu, na hapa palikuwa pa kucheka?”

Palikuwa pa kucheka, ndiyo. Watu walilipa tikiti, wakacheka. Jibu la siku zote ni kwamba zama zile zilikuwa hivyo, na kwamba si haki kuipima filamu ya mwaka 1956 kwa mizani ya leo. Kwa kawaida jibu hilo nalipokea. Kazi za watu waliotangulia nazisoma kwa subira. Lakini hapa silipokei, na sababu imo ndani ya filamu yenyewe. Wale wawili wanamuuliza mwanamke huyu habari za Scar, kiongozi wa Wacomanche aliyemchukua Debbie. Jina hilo linamtisha. Asubuhi hayupo, amewaachia mshale uliopangwa kwa mawe ardhini. Si lazima niseme kwamba anayepigwa teke usiku hana wajibu wa kupanga mawe asubuhi. Zikipita dakika chache tu za filamu, wanafika kwenye kijiji kilichochomwa na jeshi la serikali, theluji chini, maiti kila mahali. Ndani ya hema moja yumo Tazama, amekufa. Martin anauliza kwa nini askari walimuua, hali hakumdhuru mtu yeyote. Safari hii muziki hauchekeshi. Hakuna anayemjibu.

Kwa hiyo Ford alijua. Aliyeipiga picha maiti ile kwa heshima kiasi kile alijua kwamba yule ni mtu. Hakuwa mtoto wa zama zake asiyejua alitendalo. Kwa kipande kimoja alitutaka tumcheke, kwa kipande kinachofuata alitutaka tumlilie, na hakuona haja ya kutupa hata muda wa kufuta kicheko mdomoni. Zaidi ya hayo, habari zote hizi tunazipata kupitia barua ya Martin inayosomwa kwa sauti nyumbani kwa akina Jorgensen, mbele ya mchumba wake Laurie, ambaye akifika penye habari za huyo “mke” anakasirika, na sisi tunatakiwa tuone raha ya ugomvi wa wapenzi. Maisha na kifo cha Tazama ni aya moja katika barua ya posa ya watu wengine.

Niongeze kando, kwa kuwa huulizwa: majabali yale mazuri hayako Texas. Ni Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona, katika ardhi ya Wanavajo. Wanaoonekana kama Wacomanche ni Wanavajo waliolipwa kuigiza, na lugha wanayozungumza ni Kinavajo. Scar mwenyewe ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin mwenye macho ya buluu. Kwa hiyo tuna Mjerumani anayeigiza Mcomanche katika nchi ya Wanavajo inayoitwa Texas. Hata hivyo Scar amepewa kauli moja nzito: wanawe wawili waliuawa na wazungu, na kwa kila mmoja amechukua ngozi nyingi za vichwa. Tunaelewa mara moja kwamba ni Ethan mwingine huyu, upande wa pili wa kioo. Filamu imewapa wanaume hao wawili msiba na kisasi na hesabu ya kulipizana. Wana haki ya kuwa waovu kwa sababu.

Mwanamke wa pili ni Debbie.

Filamu imetokana na riwaya ya Alan Le May ya mwaka 1954, na nyuma ya riwaya hiyo imesimama historia ya kweli iliyo maarufu huko Texas. Mwezi Mei mwaka 1836 Wacomanche walivamia ngome ya ukoo wa Parker wakamchukua, pamoja na wengine, mtoto wa miaka kama tisa aitwaye Cynthia Ann. Ami yake, James Parker, alimtafuta kwa miaka mingi bila mafanikio. Cynthia Ann akakua, akaolewa na kiongozi wa Wacomanche aitwaye Peta Nocona, akazaa watoto watatu. Desemba 1860 askari wa Texas waliishambulia kambi yao kwenye mto Pease, wakamkamata akiwa na binti yake mchanga, wakampeleka kwa ndugu zake wa damu. Wao wakasema ameokolewa. Kwake yeye ulikuwa utekaji wa pili. Alijaribu kutoroka zaidi ya mara moja ili arudi kwa wanawe. Binti yake akafa. Yeye mwenyewe akafariki miaka kama kumi baada ya “kuokolewa”, na mwanawe Quanah, aliyebaki upande ule, akawa kiongozi mkubwa wa Wacomanche.

Ford angeweza kutengeneza filamu juu ya mwanamke huyo. Alitengeneza juu ya ami.

Hapa lazima niseme kwa nini nalishikilia jambo hili kuliko mtazamaji mwingine pengine. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa na mwanamke aliyeletwa Kilwa akiwa mtoto, miaka ya 1880, wakati biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku kwenye karatasi na inaendelea usiku. Alitoka bara, upande wa ziwa Nyasa. Alipewa jina jipya, moja ya yale majina ambayo mabwana waliwapa watumwa ili biashara iwe na heri. Akasilimu, akaolewa, akazaa, akajua kusuka ukili na kupika bokoboko kuliko wenyeji. Bibi alituambia kwamba mama yake akiwa mzee alijiwa na mtu wa kwao, mfanyabiashara wa tumbaku, aliyesema anamjua nduguye fulani na kwamba ndugu huyo alimtafuta sana. Akamwuliza kama angependa kurudi. Mama akamkaribisha chakula. Akamwuliza habari za mto wa kwao, kama bado unafurika. Kisha akamwambia kwamba nyumba yake ni hii. Mgeni akaondoka, na siku ile mama hakuzungumza na mtu mpaka magharibi.

Kisa hicho nimekisikia mara nyingi, na kila nikikisikia nilijiuliza jambo tofauti. Utotoni nilimwonea huruma ndugu aliyetafuta. Nilipokuwa kijana nilikasirika, niliona kwamba watumwa walifundishwa kuipenda minyororo. Sasa sijui neno lipi linamfaa mtu yule, na silitafuti. Ninachokumbuka ni kwamba aliulizwa. Yule mfanyabiashara wa tumbaku, ambaye hakuna anayemjua jina, aliketi mkekani akauliza, akasikiliza jibu, akala, akaenda zake.

Debbie hajaulizwa. Anapotokea tena, sasa ni Natalie Wood, mwari aliyekua, ni mmoja wa wake za Scar. Baadaye anateremka mbio kwenye kilima cha mchanga kuwaonya Martin na Ethan. Anamwambia Martin kwamba anamkumbuka, kwamba zamani alikuwa akiomba waje wamchukue na hawakuja. Kisha anasema kwamba hawa sasa ndio watu wake, anamsihi aende. Yote hayo ni maneno machache sana. Ethan anachomoa bastola. Martin anajiweka mbele ya Debbie kwa mwili wake. Mshale unampata Ethan, wanakimbia, na lile alilolisema Debbie limepotea katika vumbi la farasi. Hakuna anayelirudia. Ethan analijibu kwa bastola, na Martin, ambaye ni mwema, kwa kuendelea kupanga jinsi ya kumwokoa.

Mtu asidhani kwamba Ethan peke yake ndiye mwenye ugonjwa. Laurie, binti mzuri, mwenye gauni jeupe la harusi, anamwambia Martin kwamba Debbie amekwisha haribika, kwamba Ethan atampiga risasi ya kichwa, na kwamba Martha mwenyewe, mama mzazi, angetaka iwe hivyo. Martha yule yule wa koti. Mara ya kwanza nilipoisikia kauli hiyo nilirudisha kanda nyuma nikidhani nimekosea lugha. Ni kauli ya kutisha kuliko zote za Ethan, kwa kuwa imetoka sebuleni, kwa msichana tunayetakiwa tumpende, na dakika chache kabla yake tulikuwa kwenye vichekesho vya harusi na ngumi. Hapo filamu imesema ukweli mchungu juu ya nyumba zile nzuri zenye milango, kisha ikaona aibu na ukweli wake.

Nimesoma waandishi wanaosifu mwisho wake kuwa ndio kilele cha sinema ya Marekani. Martin anaingia kambini usiku, anamkuta Debbie, anamuua Scar. Ethan anaichuna ngozi ya kichwa cha maiti ya Scar, na kwa tendo hilo hakuna tena tofauti baina yao. Kisha anamkimbiza Debbie kwa farasi mpaka kwenye mdomo wa pango. Binti ameanguka chini, anajikunyata. Ethan anamshika, anamwinua juu kwa mikono miwili kama alivyomwinua alipokuwa mtoto katika siku ya kwanza ya filamu, halafu anamkumbatia na kumwambia waende nyumbani.

Kwa nini hakumuua? Filamu haielezi, na wengi huona kwamba kutoeleza huko ndiko uzuri wake: mikono imekumbuka kabla ya kichwa. Nakubali kwamba nami hutokwa machozi hapo, kila mara, hata nikijiandaa. Katika riwaya mambo ni tofauti. Amos, ambaye ndiye Ethan wa kitabuni, anauawa na mwanamke wa Kicomanche ambaye amemdhania kuwa Debbie. Kitabu kilimlipa. Filamu imemsamehe nusu, ikamwacha nje. Kama kumsamehe Ethan ndilo lilikuwa swali, Ford amelijibu vizuri kuliko Le May.

Lakini mjukuu wangu aliuliza swali jingine, akiwa bado na kikombe cha maji mkononi. Aliuliza kama Debbie amekubali. Tukarudisha nyuma, tukaangalia tena. Binti anakimbia kwa nguvu zake zote, kisha yumo mikononi mwa mtu aliyemkimbiza, ameegemeza kichwa begani mwake. Baina ya hayo mawili hakuna kitu. Dakika chache zilizopita alikuwa na nyumba na mume na watu aliowaita watu wake. Sasa kambi inaungua na mume amechunwa kichwa. Mtu akiegemea bega baada ya hapo, anaweza kuwa amefurahi. Anaweza pia kuwa amechoka tu kukimbia.

Halafu ndiyo inakuja ile taswira wanayoisifu wote, nami pia naisifu. Wanafika kwa akina Jorgensen. Mama Jorgensen, anayeigizwa na Olive Carey, anampokea Debbie na kumwingiza ndani. Martin na Laurie wanafuata. Ethan anabaki nje, anashika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto. Inajulikana kwamba Wayne aliutoa mkao ule kwa Harry Carey, muigizaji wa kauboi wa zamani, marehemu mume wa mama yule aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kamera. Kisha anageuka, anaondoka na upepo, na mlango unafungwa.

Mara tatu za kwanza nilimtazama yeye, kama Ford alivyotaka, maana mwanga wote uko kwake. Safari hii nilimtazama Debbie anavyopita. Amevaa bado nguo za Kicomanche. Anatembea kwa kusitasita, macho yake yanawatazama wenye nyumba kama mtu anayewatazama wageni, na wala hasemi neno hata moja, si kwa Kiingereza wala kwa lugha ya miaka mitano iliyopita. Anaingia gizani upande wetu, tuliko sisi watazamaji, na kamera haigeuki nyuma kumwangalia. Mjukuu wangu aliuliza kama iko sehemu ya pili. Nikamwambia haikutengenezwa. Akasema yeye angependa kuijua asubuhi ya pili tu, binti akiamka katika kitanda kile, wenye nyumba wamekwisha washa jiko, na mtu ameketi mbele yake na kikombe cha kahawa.